Kiwanda cha mafuta Lamu: tuulize kuhusu mwali kabla haujawashwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu wa Lamu, na pia na wale walioko Nairobi wanaotupangia mambo.

Tangu mradi wa LAPSSET, ule wa bandari, barabara, reli na bomba la kuunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, ulipozinduliwa hapa Machi 2012, kiwanda cha kusafisha mafuta kimo ndani ya mpango, pamoja na bomba la kuleta mafuta ghafi kutoka Lokichar, Turkana. Bandari tumeiona, gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021. Kiwanda bado, lakini kila kinapotajwa barazani mazungumzo huwa ni ajira na fidia ya mashamba. Ni maswali ya haki, nami sipingi kiwanda. Ila kiwanda cha namna hiyo ndicho kilichonilisha miaka 19 huko Ghuba, nikiwa opareta wa tanuri, na kuna maswali mengine ambayo sijasikia mtu akiyauliza.

Wengi hudhani kuokoa nishati, kulinda wafanyakazi na kuzuia moshi ni mambo matatu, kila moja na ofisi yake. Hata kiwandani yamegawanywa hivyo. Mimi nilikuja kujua kwamba ni jambo moja, na aliyenifunza ni vali.

Kila kiwanda cha mafuta kina mnara mrefu wenye mwali juu yake. Ule mwali ni kinga. Presha ikipanda ghafla ndani ya mitambo, vali za usalama hufunguka na gesi ikaenda kuungulia huko juu badala ya kutulipua sisi tulio chini. Siku ya kawaida mwali unatakiwa uwe mdogo. Pale kwetu uliwahi kuwaka mrefu kwa miezi 7. Tukauzoea, na wengine wakaupenda, maana uliwamulikia njia zamu ya usiku. Chanzo chake kilikuwa vali moja iliyofunguka siku ya hitilafu ndogo na isijifunge sawasawa tena. Tuliandika kwenye kitabu cha zamu, tukaambiwa isubiri matengenezo makuu ya mwaka. Gesi ambayo ingechoma tanuri letu ikawa inaungua hewani usiku na mchana, huku tukinunua nyingine. Mafundi walipoifungua hatimaye, walikuta imeliwa ndani, na mlango wa vali ya akiba, ile ambayo ingefanya kazi badala yake wakati ile mbovu imetolewa itengenezwe, umeshikana kwa kutu kabisa. Hasara, moshi na hatari vilikuwa ndani ya kipande kimoja cha chuma, na mwali ulikuwa ukitwambia kila usiku. Nami nilikuwa mmoja wa walioutazama wakanyamaza. Bado jambo hilo linaniuma.

Tanuri nalo ni vivyo hivyo. Mafuta ghafi hupashwa hadi nyuzi 350 hivi za selsiasi ndipo yaingie kwenye mnara wa kuyatenganisha, petroli, mafuta ya taa na dizeli, kila moja kwa kiwango chake cha kuchemka. Moto huo ni gharama kubwa sana ya kiwanda. Muoka mkate wa mofa atanielewa upesi. Hewa ikizidi, unapasha upepo unaotoka bombani bure. Ikipungua, mafuta hayaungui yote, yanatoka masizi na gesi ya sumu, na tanuri lenyewe laweza kulipuka. Tulikuwa tukitazama oksijeni kwenye bomba la moshi: asilimia 3 hivi ni sawa, 7 ni kuchoma pesa. Geji hiyo moja ikidanganya, pesa, hewa na roho za watu vyote viko mashakani.

Wala ajira hazijitengi na hayo. Kiwanda cha mafuta cha Changamwe, Mombasa, cha pekee nchini, kilianza kazi 1963 na kikaacha kusafisha mafuta 2013, mitambo yake ya kizamani ikiwa imeshindwa kushindana na petroli na dizeli zinazoshushwa na meli zikiwa tayari zimesafishwa. Anayeahidi vijana wetu kazi ya miaka 40 na aonyeshe mitambo itakayodumu miaka 40.

Husemwa mafuta ya Turkana ni safi kwa kuwa yana salfa kidogo. Kweli. Lakini yana nta nyingi, huganda kwenye joto la kawaida, na bomba lake lazima lipashwe moto kwa safari ya kilomita zaidi ya 800. Na kiwanda kikishasimama, nani ataahidi kwamba hakitapokea mafuta ya meli yenye salfa nyingi? Hapo pataingia haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai viza, ambayo ikizidi huua pua kwanza: huisikii tena, unadhani imekwisha, kumbe ndiyo inakumaliza.

Wenye uwezo kuliko sisi yamewapata. Texas City, Marekani, tarehe 23 Machi 2005, mnara ulijazwa mafuta kupita kipimo wakati wa kuwasha mtambo, geji ikaonyesha yanapungua, king'ora cha akiba kikanyamaza. Mafuta yakafurika, mvuke wake ukalipuka, na watu 15 wakafa. Opareta wa zamu ya mchana alikuwa amefanya kazi saa 12 kwa siku, siku 29 mfululizo. Richmond, California, Agosti 2012, bomba lililoliwa na salfa likapasuka baada ya kuvuja kwa saa kadhaa bila mtambo kuzimwa, na watu wapatao 15,000 wa mitaa ya jirani wakakimbilia matibabu.

Sasa tazama kwetu. Kaskazi ikivuma inatoka upande wa bandari kuja mjini. Mji ni vichochoro; gari la zimamoto halipiti. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko kaunti hii, na mikoko hupumua kwa mizizi, ikifunikwa na mafuta hufa. Waliokuwa Mombasa mwaka 1988 wanakumbuka mafuta yalivyomwagika kwenye hori ya Makupa yakaua mikoko.

Ombi langu ni moja, nalo si ghali. Marekani ilitoa kanuni mwaka 2015 ya kulazimisha viwanda vya mafuta kuweka vijibomba vya kupimia kwenye ua, kuzunguka kiwanda kizima, vinavyonasa benzini, kemikali inayoleta saratani ya damu. Havitumii umeme. Hukusanywa kila wiki mbili, matokeo hutangazwa kwa umma, na tofauti kati ya kipimo cha juu na cha chini kabisa kwenye ua, kwa wastani wa mwaka, ikipita maikrogramu 9 kwa mita moja ya ujazo ya hewa, kiwanda lazima kitafute kinapovuja na kuziba. Nataka sharti hilo liandikwe katika leseni ya mazingira ya kiwanda chochote cha mafuta kitakachojengwa Lamu, na pamoja nalo kiasi cha gesi kinachochomwa kwenye mwali kila siku. Matokeo yabandikwe kwenye uwanja wa Mkunguni, katikati ya mji, kwa Kiswahili, siyo kufungiwa kwenye ripoti ya kurasa 600 iliyoko ofisini. Meneja anayejua kuwa mvuvi wa Langoni atasoma takwimu yake Ijumaa hataisubirisha vali miezi 7.

Wakati wa kulidai ni kabla ya leseni. Juni 2019 jopo la kitaifa la rufaa za mazingira (NET) lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe hapa kwetu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Basi mkutano wa kiwanda cha mafuta utakapoitishwa, tusiende kupiga makofi wala kuzomea. Twende tukaulize: mwali utawaka kiasi gani siku ya kawaida? Nani atapima, na sisi tutaona lini?

Daftari zangu za zamu ninazo bado. Kijana yeyote anayetaka kujua geji inasomwaje na anitafute barazani baada ya alasiri, nitamfundisha bila malipo.

Opareta mstaafu,
Langoni, Lamu