Matangazo ya kampasi yanatufikia yakiwa yameshaoza

Mhariri,

Niko na saiba ndogo, kompyuta tatu na printa mbili, karibu kabisa na geti la kampasi moja hapa Nairobi, sitaitaja jina maana mkate wangu unatoka hapo. Makomredi, yaani wanafunzi wa chuo, huniita Mama Printi. Karatasi moja ni shilingi 10, kuskani 20, na ushauri ni bure ingawa huo ushauri ndio unanimalizia siku kuliko hizo zingine zote.

Naandika kwa sababu ya msichana mmoja aliyeingia hapa Ijumaa moja, saa tisa na nusu mchana, anahema kama mtu amekimbizwa na kanjo, wale askari wa jiji. Akaninyooshea simu. "Mathe, hebu nisaidie, hii inafungwa leo saa kumi na moja." Kwa hiyo simu kulikuwa na picha ya bango, skrinshoti ya skrinshoti, imekatwa juu na chini hadi jina la wenye kutoa hiyo nafasi likabaki nusu, na ile mraba ya kuskani na simu imefifia haisomeki. Ilikuwa nafasi ya kwenda kusomea nje muhula mmoja, nauli imelipwa malazi yamelipwa. Tukatafuta linki sisi wenyewe, tukaipata saa kumi kasoro dakika tano. Kitambulisho tukaskani, transkripti ya mwaka wa pili tukaskani, faili ikakataa kuingia ati ni kubwa kuliko vile potali inataka, nikaipunguza, ikaingia, mimi hapo nimeshaanza kufurahi kama ni mimi nasafiri. Halafu ukaja ukurasa wa tatu. Barua mbili za walimu wanaokujua, ziwe na kichwa cha barua na muhuri, na cheti cha polisi cha tabia njema.

Akanyamaza. Mhariri, mimi nimeona watoto wa watu wakilia hapa dukani, kuna hata wa kuitiwa soda ndio anyamaze, lakini huyu hakulia, alicheka tu kidogo akasema "ni sawa Mathe, ni pesa ngapi?" Nikamwambia aende tu. Amefika mlangoni ndio akageuka akaniambia kuna kijana wa darasa lao aliaplai zamani, yeye alijua tangu mwezi uliopita kwa sababu hufanya kibarua cha kupanga mafaili kwa hiyo ofisi iliyopokea tangazo.

Hapo ndipo hasira yangu ilianzia. Maana nikifungua redio nasikia vijana ni wavivu, vijana hawatafuti, vijana wanataka kuletewa kwa sahani. Nafasi ziko, naziona, zinapita kwa printa yangu kila siku, na hao vijana wakizijua wanazikimbilia hadi viatu vinakatika. Kinachowaua ni makaratasi yaliyojificha nyuma ya dedilaini, ambayo hakuna mtu huyataja hadi ufike ukurasa wa tatu.

Chukua hiyo tabia njema. Unaingia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, unajaza, unalipa shilingi 1,050, unaprinti fomu ya C24, ile ya alama za vidole, mbele na nyuma, halafu unaenda Huduma Centre ama pale makao makuu ya DCI, wale wapelelezi wa jinai, Kiambu Road unapakwa wino vidole vyote kumi. Kisha unangoja. Wiki mbili ukibahatika. Sasa tangazo likinifikia zimebaki siku tatu, hilo si tangazo tena, hiyo ni tanzia. Na barua ya lekchara usiseme, lekchara wa kibarua anafunza vyuo vitatu, leo yuko tao kesho yuko Rongai, anakwambia andika mwenyewe nitie sahihi, unaandika, unamkimbiza na matatu mbili, anatia sahihi, sasa muhuri uko kwa droo ya sekretari na sekretari yuko likizo.

Kuna ubao wa matangazo hapo getini, ule wa sanduku la kioo. Umefungwa kufuli. Ndani kuna tangazo moja la mechi ya hosteli mbili, karatasi imegeuka rangi ya chai ya maziwa na pini moja imeshaanguka. Nilimuuliza askari wa geti ufunguo uko wapi, akaniambia ulikuwa na mzee fulani, na huyo mzee alistaafu. Barua pepe za chuo nazo vijana hawafungui, na siwalaumu sana, ukifungua unakutana na vikumbusho vya karo kumi na tano, nani ataendelea kuteremka kutafuta skolashipu chini ya hayo yote. Kwa hivyo kila kitu kimeachiwa klasi repu, yaani mwakilishi wa darasa, na grupu lake la WhatsApp. Klasi repu akiishiwa na bando, darasa zima limefungiwa nje.

Na si skolashipu peke yake. Hafla za hiyo kampasi mimi huzijua kabla ya wanafunzi wenyewe, kwa sababu ni mimi naprinti programu. Juzi nimeprinti nakala 150 za mhadhara wa wazi, karatasi nzuri ile nzito, kijana amekuja kununua kalamu akaokota moja akaisoma yote, mada ni ya kozi yake kabisa, akaniuliza "Mathe, hii ni ya chuo gani?" Ya chuo chako baba, ukumbi ni ule pale unaona mabati yake, kesho saa tatu. Nikaambiwa baadaye viti vya mbele vilijaa wageni, vya nyuma vikakaa vitupu, hadi saa nne wakatuma watu kwa madarasa kukusanya mwaka wa kwanza waje wajaze ndio kamera isione aibu. Sasa umemleta mtoto wa hesabu akae kwa mhadhara wa historia akilala, na yule wa historia alikuwa chumbani anapika ugali hajui.

Hata ya jiji lenyewe hawaambiwi. Kenya National Theatre iko hapo Harry Thuku Road tangu 1952, ni kuvuka barabara tu kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi, na kuna watoto wanasomea fasihi miaka minne wanahitimu hawajaingia hata siku moja. Maonyesho ya kimataifa ya vitabu huwa pale Sarit, Westlands, mara nyingi Septemba, ukiuliza kumi labda mmoja amewahi kusikia.

Mtu ataniambia ni mambo ya teknolojia, tungoje mfumo mpya. Ile ndege ya kwanza ya Tom Mboya, mwanasiasa aliyepanga safari za vijana kwenda kusoma ng'ambo, mwaka wa 1959 ilibeba wanafunzi 81 kwenda Marekani, na hapakuwa na simu ya mkononi hata moja nchi hii, barua ziliandikwa, fomu zikajazwa, michango ikachangwa, ndege ikajaa. Mwaka uliofuata Wangari Maathai naye akaenda, akasomea baiolojia huko Kansas, akarudi, 1971 akapata udaktari wake kwa Chuo Kikuu cha Nairobi na 2004 akachukua Nobel. Mimi huwa nawaza, je kama hilo tangazo lingefungiwa kwa sanduku la kioo.

Basi baada ya ile Ijumaa nikanunua manila pepa na felti peni mbili, nyeusi na nyekundu, nikabandika ukutani kando ya printa. Nyeusi ni jina la nafasi, inafunguliwa lini, inafungwa lini. Nyekundu ni anza makaratasi lini. Hiyo nyekundu ndio muhimu.

Mfano, skolashipu ya serikali ya Uturuki hufunguliwa tarehe 10 Januari na hufungwa 20 Februari, kwa hivyo kwa wino mwekundu nimeandika OKTOBA, kwa sababu Desemba ofisi zote zimeenda ushago na hakuna mtu atakupigia muhuri. Chevening, skolashipu ya serikali ya Uingereza, hufunguliwa Agosti, lakini hapo nimeandika kwa herufi kubwa SAA 2,800 ZA KAZI, maana kila mwaka wanakuja watoto wa mwaka wa tatu wananiprintisha kurasa arobaini bila kujua lazima uwe na shahada na uwe umefanya kazi masaa hayo yote, na ukimaliza kusoma lazima urudi nyumbani usipungue miaka miwili. Pesa zao mimi ningekula nikanyamaza. Lakini nawaambia weka hiyo 400 yako, maliza shahada kwanza, halafu ndio uanze kuhesabu masaa, hata ya kujitolea huhesabiwa. Intanshipu ya PSC, ile Tume ya Utumishi wa Umma, nayo ni ya wale wamehitimu tayari, hiyo nimeichora mstari chini mara mbili.

Atachimenti, yale mafunzo ya kazini ya wanafunzi, ndio inanitoa jasho zaidi. Wengi hutakiwa waende Mei hadi Agosti, sasa Aprili mwishoni unawaona wamejaa hapa, foleni imefika kwa muuza smoki pasua, kila mtu anaprinti barua za kampuni kumi na tano. Kampuni nyingi zimeshajaza nafasi kitambo. Zile zimebaki zinataka barua ya chuo na bima ya ajali, na huyo mtoto bima hajaisikia tangu azaliwe. Ukutani nimeandika JANUARI. Kuna mmoja alinibishia ati Januari ni mapema sana, nikamwambia kaka kaa na mapema yako, tutaonana Aprili kwa smoki.

Kitu kingine kinaniuma ni wale matapeli, na wanafaulu kwa sababu hiyo hiyo ya watu kujua kitu dakika ya mwisho. Mtu akiwa na haraka haulizi. Kuna kijana ametuma 1,500 kwa M-Pesa ati ni ada ya kushughulikia skolashipu, na namba ni ya mtu binafsi, jina la mtu kabisa limetokea, na akatuma. Hizo mbili nimetaja, ya Uturuki na ya Uingereza, kuaplai ni bure. Nimeyaandika hayo pia.

Sasa ombi langu kwako Mhariri, na hapa ndipo nilikuwa nataka kufika. Manila yangu inasomwa na wale wanaopita hapa tu. Gazeti lako linafika kwa kinyozi, linafika kwa kibanda cha chai, linafika kwa mzazi kule Mwingi na kule Webuye ambaye mtoto wake yuko hapa Nairobi. Tupe kona ndogo kila Jumatatu, mistari mitano sita, kwa Kiswahili cha kueleweka, nafasi hii inafungwa tarehe hii, makaratasi yake ni haya, anza sasa. Nasema mzazi kwa sababu ile 1,050 haitoki mfukoni mwa mwanafunzi, inatoka kwa maziwa, inatoka kwa kuku aliyeuzwa, na mzazi akiambiwa Alhamisi kwamba pesa zinatakiwa Ijumaa atazitoa wapi. Akisoma mapema yeye mwenyewe ndiye atapiga simu, "wewe, nimeona kitu kwa gazeti, umeshaenda vidole?" Hakuna klasi repu anaweza kushinda hiyo simu.

Na nyinyi wa ofisi za kampasi, najua mnasoma gazeti maana nawaona nalo asubuhi, tangazo likiwafikia limebakisha wiki moja, waandikieni waliolileta waongeze siku, wengine huongeza wakiombwa. Na mkibandika bango msikate jina la wenyewe.

Yule msichana alirudi Jumanne. Hakusema mengi, alisimama akasoma manila yote kuanzia juu hadi chini, akapiga picha, akaniomba nimprintie C24 mbele na nyuma. Hakuna kitu alikuwa anaaplia, alisema tu anataka ikae kwa faili.

Na jana wamekuja watu wawili kutoka huko ndani ya chuo, wa vitambulisho vya kuning'inia shingoni, wamepiga picha manila yangu vizuri sana na kuniomba niwaprintie kopi mbili waende wabandike kwa ubao wa geti. Nimewaambia ni shilingi 20. Nikawauliza pia kama ufunguo umepatikana.

Mama Printi,
Nairobi