Sabufa haikuwa mbovu

Mhariri,

Mimi ni fundi redio hapa Mwanga, Kigoma. Juzi kijana wa bodaboda aliniletea sabufa akidai karatasi ya spika imechanika, maana besi inakwaruza. Nikaifungua. Karatasi nzima, koili nzima, mita inasoma sawasawa. Nikachomeka flashi yake nikapiga nyimbo tano. Spika iliyochanika hukwaruza kwenye kila wimbo. Hii ilikwaruza kwenye mmoja tu. Nikauhamishia kwenye spika yangu ya majaribio, mkwaruzo uleule.

Binti yangu wa kidato cha tatu alikuwa ameniletea chakula. "Baba, hao ni aespa," akasema. Ni wasichana wanne wa kundi la Korea Kusini lililoanza Novemba 2020, na wimbo huo umo kwenye Savage, albamu yao fupi ya Oktoba 2021.

Ninaandika kwa sababu redio moja iliwahi kukatiza wimbo wa namna hiyo katikati, mtangazaji akatuomba radhi kwa hitilafu ya mitambo. Iliniuma. Mkwaruzo ule umewekwa makusudi, na umewekwa na mtu anayejua kazi. Sikiliza unavyokatika ghafla, sauti nyororo za wasichana zikapanda zenyewe, kisha ukarudi kwa kishindo. Mtindo huo huitwa haipapopu (hyperpop), na mizizi yake mingi iko London, kwenye lebo ya muziki ya PC Music aliyoianzisha A. G. Cook mwaka 2013. Marehemu SOPHIE, mtayarishaji wa muziki wa namna hiyo, mzaliwa wa Scotland, hakuwa na haja ya kurekodi chuma apate mlio wa chuma. Aliuunda tangu mwanzo kwenye sintesaiza, chombo kinachotengeneza sauti kwa umeme. Kwa fundi kama mimi, hiyo ni kazi ya kuvuliwa kofia.

Sisi wa Kigoma masikio yetu yamelelewa na gitaa la Kongo linalovuka ziwa likiwa safi, kwa hiyo naelewa mtu akishtuka. Lakini singeli ya Dar es Salaam inapita mapigo 200 kwa dakika, sauti zimepandishwa mpaka zinakuwa za kitoto, na tunaicheza harusini.

Naomba watangazaji, na ukurasa wako wa burudani, mtueleze nyimbo hizi zinavyotengenezwa, na mziache ziishe.

Yule kijana sikumtoza kitu. Aliurudia wimbo mara mbili palepale kibandani, ndipo akafunga sabufa kwenye pikipiki.

Fundi redio,
Mwanga, Kigoma