Salamu za Krismasi kutoka Clarkston, Georgia

Wapendwa wetu wa Moshi, Arusha, Dar na popote mlipo, Krismasi njema. Mungu aliyetufikisha Desemba atuvushe na mwaka mpya tukiwa na afya. Na kwenu mliofiwa mwaka huu, tunawapa pole tena. Tulilia nanyi kwa simu, lakini tulilia.

Najua wengi mtayasoma haya mkiwa ndani ya basi, mko Korogwe au Mombo hivi, nauli ya msimu imewauma, na watani wamewasindikiza kwa lile swali la kila mwaka: Wachaga, mnakwenda tena kuhesabiwa? Mkifika kwenye hesabu, tafadhali mtuandike watatu. Hatutakuwepo mwaka huu pia. Mimi bado niko ghalani zamu ya usiku, na Desemba ndio mwezi Wamarekani wanaagiziana vitu mpaka sisi wafungaji tunaota maboksi. Mama Mangi anahudumia wazee, na wazee hawana likizo. Yeye anatoka asubuhi, mimi naingia asubuhi, tunakabidhiana mtoto mlangoni pamoja na ufunguo wa gari. Kwa hiyo mchana kutwa Mangi ni wangu. Baba mdogo, najua unacheka. Cheka tu, ila ujue kwamba siku hizi nabadilisha pampasi huku naongea na simu.

Mangi anakaribia miaka mitatu. Jina hilo alipewa na bibi yake siku ya kwanza alipomwona kwenye video akiwa amekunja uso kama chifu anayesubiri kuletewa kesi, na kusema kweli ameliishi. Nikilala kidogo baada ya zamu anakuja kunifunua macho kwa vidole, jicho moja moja, anasema, "Baba, washa." Nami nawaka.

Miaka ile ya kwanza tulipokuwa wawili tu, Krismasi ya huku ilikuwa kero. Tulikaa tunataja visivyokuwepo: hakuna ndafu, hakuna mbege, hakuna watoto wenye nguo mpya wanaozunguka nyumba hadi nyumba migombani, hakuna kengele ya kanisa inayosikika mpaka ng'ambo ya korongo. Tulikuwa tunaingoja ipite. Kisha akaja mtu ambaye hajawahi kuiona hiyo nyingine. Kwake Krismasi ndiyo hii: giza linaloingia saa kumi na moja na nusu jioni, manyunyu, taa kwenye vibaraza vya watu, na koti linalomfanya ashindwe kukunja mikono. Anaifurahia mno. Nasi imebidi tuitazame tena, maana huwezi kukaa umenuna pembeni ya mtu anayeshangilia.

Wengi mnadhani tunakaa Atlanta. Clarkston ni mji wake wenyewe, mdogo, kama kilomita 16 kutoka katikati ya Atlanta. Sensa ya 2020 ilikuta watu wasiofika 15,000. Ulianza kama mji wa reli, na tangu miaka ya 1980 umekuwa ukipokea wakimbizi: Wavietinamu, kisha Wabosnia, Wahabeshi, Wasomali, Wabhutan, Waburma, Wakongo, Wasiria, Waafghani. Sisi hatukuja kwa njia hiyo. Tulifuata kodi ya nyumba iliyo nafuu kidogo, na jirani wa kuongea naye Kiswahili.

Ila ukimwuliza Mangi kuhusu mji huu, atakwambia ni treni. Reli inapita katikati kabisa, na treni za mizigo ni ndefu hadi madereva kwenye kivuko wanazima injini. Wao wanatazama saa, wengine wanapiga usukani. Mangi hunitaka nimweke mabegani, kisha anahesabu mabehewa kwa sauti ya mhubiri: moja, mbili, tatu, tano, kumi, moja. Nne hajawahi kuipenda. Treni ikiisha anaipungia mkono, halafu anauliza kama imeenda kwa Bibi. Namwambia imeenda. Sijaona sababu ya kumweleza habari za bahari wakati huu.

Kutoka relini mpaka nyumbani ni mwendo wa dakika chache kwa mtu mzima. Na Mangi ni safari. Udongo wa Georgia ni mwekundu. Ukinyeshewa utadhani uko njia ya Kibosho, na mtoto wa Kichaga akiuona matope hayo damu inamwita. Kuna mti wa huku, majani yake yana ncha tano kama nyota, ambao msimu huu unadondosha vitunda vikavu vya duara vyenye miiba pande zote. Wenyeji wanavilaani kwa sababu ukivikanyaga peku utajua umevikanyaga. Mangi anaviita nungunungu. Anavijaza mifukoni mwa koti, na kila tukikutana na mtu anampa kimoja: mleta barua, mama wa Kiburma anayefagia ngazi, vijana wa Kiafghani wanaocheza mpira nyuma ya maghorofa. Hakuna aliyewahi kukataa. Mama Mangi yeye anavipata kwenye mashine ya kufulia, na maoni yake kuhusu nungunungu nisiyaandike kwenye salamu za sikukuu.

Mpokeaji wake mkuu ni Bibi wa Chini. Ni mama mzee, Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Georgia, anakaa chumba cha chini yetu na anasikia kila hatua ya Mangi juu ya dari lake; hajawahi kulalamika, ila anajua saa tunayoamka kuliko tunavyoijua sisi. Ana bakuli la kioo mezani limejaa nungunungu. Watu wa Kusini mwa Marekani wana adabu zao ambazo mama zetu wangezipenda: mtoto hamwiti mkubwa kwa jina tupu, na akiulizwa kitu haitikii kwa kichwa. Bibi wa Chini amempokea Mangi kwenye adabu hiyo, nasi tumempa yeye shikamoo. Sasa Mangi akimwamkia, mzee anaitikia "marahaba" kwa lafudhi ya Georgia, taratibu, kama mtu anayeonja uji wa moto.

Mwaka jana alitualika kwenye Kwanzaa. Mtakuwa mmeisikia kwa mbali: ni sikukuu ya siku saba, kuanzia 26 Desemba hadi 1 Januari, iliyoanzishwa na Maulana Karenga huko California mwaka 1966 kwa ajili ya Wamarekani weusi, na vitu vyake karibu vyote vina majina ya Kiswahili. Kuna mkeka, kinara, mishumaa saba, kikombe cha umoja, zawadi. Nilikuwa naisikia tangu nifike na sikuijali. Niliiona ni mambo ya kutungwa. Siku hiyo nilikaa kwenye kochi la mzee yule nikamtazama anavyonyoosha mkeka wake kwa viganja, na dharau yote ikanitoka. Sikukuu zote zilianzishwa na mtu fulani siku fulani. Hii tarehe yake tu inajulikana.

Siku ya kwanza, mwenyeji anauliza, "Habari gani?" na wageni wanatakiwa kujibu jina la nguzo ya siku hiyo, yaani "Umoja." Wote tulikuwa tumeelekezwa. Mzee akauliza kwa heshima zote, na kabla hatujafungua vinywa, Mangi akajibu kwa nguvu: "Njema!" Akaongeza, kama alivyofundishwa na bibi yake kwenye simu, "Na wewe?" Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Akaamua kwamba ndani ya nyumba yake majibu yote mawili ni halali, akawasha mshumaa mweusi wa katikati, tukaendelea. Juu ya mkeka huwekwa hindi moja kwa kila mtoto wa nyumba. Wajukuu wake wako mbali, na hindi lililokuwepo alikuwa ameliweka kwa ajili ya huyu wetu. Mangi aliliona, akalichukua, akalipeleka moja kwa moja mbele ya jiko na kusema, "Choma." Mwaka huu tumealikwa tena, na nasikia kuna mahindi mawili: moja la mkeka, moja la kuchoma.

Mama, uliuliza anakula nini. Anakula mtori. Kuna soko kubwa la DeKalb, kule Decatur, linalouza ndizi mbichi, mihogo, bamia, kila kitu kutoka kila pembe ya dunia. Ndizi zake zimetoka upande wa Amerika ya Kusini na hazina utamu wa mshare, usidanganywe na mtu, ila zikichemka na mfupa wa ng'ombe na kitunguu nyumba inanuka kwenu. Namsagia kwa mwiko. Anakula mabakuli mawili, la tatu anajipaka. Vilevile anakula mboga za Bibi wa Chini, majani mapana kama sukuma wiki yanayopikwa kwa saa nyingi na kipande cha nyama ya kukaushwa kwa moshi, na anapenda mkate wao wa unga wa mahindi kuliko ugali wangu. Hilo limeniuma lakini nimelipokea.

Siku ya Mwaka Mpya Kusini yote inakula kunde. Kunde na mboga za majani: kunde ni sarafu, majani ni noti, ukizila tarehe moja utapata fedha mwaka mzima. Kunde hizo asili yake ni Afrika, zilivuka bahari pamoja na watu waliotekwa. Mzee yule hulipika sufuria lake usiku wa tarehe 31, halafu anakwenda kwenye mkesha kanisani. Nasi tumekulia kwenye mikesha, sikuona ajabu, mpaka aliponieleza kwamba usiku wa 31 Desemba 1862 watu weusi walikesha makanisani wakingoja kupambazuke 1 Januari 1863, siku ambayo tangazo la Lincoln la kuwaweka huru watumwa wa majimbo yaliyoasi lingeanza kazi. Georgia ilikuwa mojawapo. Alinieleza hayo huku Mangi amelala mapajani pake, mdomo wazi, kunde moja imemganda shavuni.

Mlima pia tunao. Ndio, wa Marangu, mcheke vizuri. Unaitwa Stone Mountain, ni jabali moja la mawe lisilofika mita 520 kutoka usawa wa bahari, na wenyeji wanaupanda na viatu vya kwenda dukani. Mangi anauita Kibo, kwa sababu ya picha iliyo ukutani kwetu. Ubavuni wamechonga viongozi watatu wa yale majimbo yaliyoasi, waliopigana ili utumwa uendelee, kazi iliyomalizika mwaka 1972, na Martin Luther King aliutaja mlima huo kwa jina kwenye hotuba yake ya Washington mwaka 1963. Mangi anaona farasi. Anawapungia farasi. Siku ya kumweleza waliokaa juu ya hao farasi itafika, na nitakuwa tayari. Kwa sasa tunapitia njia ya upande wa pili, tunapanda mpaka pale miguu yake inapogoma, tunakula chungwa, tunashuka.

Tarehe 25 tutasali na ndugu zetu Wakongo, ibada ya Kiswahili. Hawamalizi mapema. Ngoma zikianza Mangi anatoka mbele bila kuitwa, anacheza mtindo wake wa goti moja, na akina mama wa Kivu wanamtunza noti za dola moja moja ambazo ananiletea nimshikie. Akikua atazidai, nina hakika, ndiyo damu yenyewe.

Basi, salamu zetu kwa wote. Shangazi, dawa ya magoti tumempa mgeni anayekuja Januari. Dada, hongera ya kubarikiwa mapacha. Nguo za Mangi zilizombana ziko njiani, mtavumilia madoa mekundu. Vijana mnaoendesha usiku kwenda nyumbani, laleni njiani, ndafu haikimbii. Mama na Baba, shikamooni, na Mangi anawashika miguu.

Tupigieni siku ya Krismasi kuanzia saa tisa alasiri ya huko. Hapa itakuwa saa moja asubuhi na mimi nitakuwa nimetoka zamu. Mkipiga, kamera muielekeze kwanza zizini, kwa mbuzi. Watu atawasalimia baadaye.

Baba Mangi, Mama Mangi na Mangi mwenyewe