"Mtandao uko chini": wanaotuuzia mifumo watufungulie vipimo

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno na wasomaji wenzangu wanaolalamikia lile jibu la "mtandao uko chini" wanalopewa madirishani huduma ikigoma. Mimi nimekaa upande wa pili wa dirisha. Kwa miaka mitatu nilitunza mfumo wa tiketi wa kampuni moja ya mabasi yaendayo kaskazini, na nakiri kwamba mara nyingi tulipowaambia mtandao uko chini, hatukujua kilicho chini ni kitu gani.

Nakumbuka siku mbili kabla ya Krismasi, stendi ya Mbezi. Foleni imefika kwa wauza maji. Abiria kalipa kwa simu, ujumbe wa kukatwa hela anao mkononi, tiketi haitoki. Binti wa dirishani akanipigia: "Kaka, huku kumekufa." Naangalia seva, inawaka. Naangalia kumbukumbu za mfumo, mistari inateremka kama mvua ya masika. Sikuambulia kitu. Nikamjibu, "Waambie mtandao." Akawaambia. Mzee mmoja akamuuliza, "Mtandao upi, mbona meseji ya makato imefika?" Hakuwa na jibu, na mimi sikuwa nalo.

Dawa ipo na ni ya bure, kwa hiyo hoja ya bajeti tuiweke kando. Inaitwa Prometheus, programu inayokusanya vipimo vya mifumo mingine ili uone kilichokwama. Ilianza 2012 katika kampuni ya muziki ya SoundCloud huko Berlin, na tangu 2016 inalelewa na taasisi ya Cloud Native Computing Foundation. Kwenye programu yako unapachika maktaba ndogo, yaani kifurushi cha msimbo ulioandikwa tayari, iwe umeandika kwa Python, Go au Java, kisha unaongeza mistari michache: hapa hesabu kila tiketi iliyotoka, hapa hesabu kila malipo yaliyokwama. Maktaba inafungua ukurasa mmoja, ambao anwani yake kwa kawaida huishia na /metrics, na namba zote zinakaa humo kwa maandishi ya kawaida. Ni kama mita ya maji. Mita haimpigii mtu simu. Inakaa ukutani na namba yake, na msomaji mita ndiye anayepita. Prometheus ndiye msomaji mita, ila sisi tulimpangia apite kila sekunde 15.

Vipimo vina aina zake. Kaunta, yaani cha kuhesabu, hakirudi nyuma, sawasawa na mita hiyo. Geji hupanda na kushuka kama maji kwenye tangi la juu ya paa. Sisi tuliitumia kuona malipo mangapi yanasubiri majibu kwa wakati huo. Histogramu inapanga muda kwa mafungu, yaani wangapi wamehudumiwa ndani ya sekunde ngapi, na hiyo ndiyo iliyomnyamazisha bosi aliyekuwa anadai wastani kila Jumatatu. Watu tisa wakihudumiwa kwa sekunde moja moja na wa kumi akasota sekunde 60, wastani unakuja karibu sekunde 7, na hakuna hata mmoja wao aliyesubiri sekunde 7.

Tulikosea pia, tena sana. Mafungu yanayokuja na maktaba ya Python yanaishia sekunde 10. Malipo ya simu hayaendi hivyo: mteja atafute miwani, aweke namba ya siri, akosee, arudie. Karibu yote yakaangukia fungu la mwisho lisilo na kikomo, tukawa hatuoni kitu mpaka tulipopanga mafungu yetu hadi sekunde 120. Halafu programu yetu ilikuwa inaendeshwa kwa nakala nne ndani ya seva moja, kila nakala na kaunta yake. Prometheus akipita anajibiwa na yoyote iliyo karibu: mara 812, mara 190, mara 640. Naye akiona kaunta imeshuka hudhani programu imezimwa na kuwashwa upya, anaanza kujumlisha tena kutoka sifuri. Grafu ikatuonyesha tumeuza tiketi nyingi kuliko viti vya mabasi yetu yote! Mhasibu akaja mbio akidhani kuna wizi. Kumbe tiba ilikuwa imeandikwa kwenye maelezo ya maktaba yenyewe: nakala zote zipewe folda moja ya kuandikia hesabu zao. Hatukuwa tumesoma.

Ila la tatu ndilo lililonifanya niandike barua hii. Mwenzetu mmoja, kwa nia njema kabisa, aliweka namba ya simu ya mteja kuwa lebo ya kipimo, yaani alama ya kuzitenganisha hesabu, ili akipigiwa amwone mteja mmoja mmoja. Kila lebo mpya huzaa mfululizo mpya wa namba wa kutunza. Haikuisha wiki, memori ikajaa na Prometheus yenyewe ikaanguka. Hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba ule ukurasa haukuwa na ulinzi wowote. Mtu yeyote mwenye anwani yake angeweza kusoma nani kanunua tiketi ya kwenda wapi. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sisi tulikuwa tumewaanika abiria kama dagaa. Tuliondoa lebo ile usiku huohuo na ukurasa tukaufungia ndani ya mtandao wa ofisi.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wanaonunua mifumo, iwe hospitali, saccos au halmashauri: siku ya makabidhiano, kabla hujasaini, mwambie mkandarasi akufungulie ukurasa wa vipimo mbele yako. Akikosa wa kukuonyesha, usilipe awamu ya mwisho. Akiwa nao, mwambie aufungue tena kwa simu yako, nje ya mtandao wa ofisi. Ukifunguka, usilipe vilevile.

Desemba iliyofuata kulikwama tena, jioni ya Ijumaa. Safari hii niliona ndani ya dakika moja: tiketi za taslimu zinatoka, malipo ya simu yamelundikana bila majibu kutoka nje. Nikampigia binti wa dirishani kabla hajanipigia. Akachana boksi la maji, akaandika kwa kalamu nene, "SIMU IMEKWAMA TANGU SAA 11:40. TASLIMU TUNAPOKEA," akalibandika kwenye kioo.

Mtunza mifumo,
Kimara, Dar es Salaam