Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: mita 60 zipimwe na ng'ambo ya mto

Mheshimiwa, salaam.

Jina lako na cheo chako sivitaji hapa, unajijua, na sisi wa bondeni Ubungo tunakujua vizuri maana ulikuja mwaka jana umevaa mabuti yako, ukasimama pale kwenye kalavati, ukatuahidi mbele ya mjumbe na kina mama wote kwamba kile kifusi kilichomwagwa mtoni kutoka yadi ya ng'ambo kitatolewa kabla ya masika. Tulipiga makofi. Tangu hapo nimekuja ofisini kwako naambiwa njoo wiki ijayo, nikija wiki ijayo naambiwa Mheshimiwa yuko ziara, nikakaa kimya nikasema serikali ina mambo mengi. Ila ya juzi usiku yamenishinda, ndio maana naandika.

Mvua yenyewe haikuwa kubwa hivyo. Wala haikunyesha mpaka asubuhi. Maji hayakuingia kwa mlangoni kama zamani, yalianza kupanda chooni, harufu ndio iliyotuamsha, kushusha miguu kitandani tayari yako kwenye magoti. Wajukuu nikawapandisha juu ya meza ya cherehani. Cherehani yenyewe nilishindwa kuinyanyua, sasa hivi ukizungusha gurudumu linakwaruza mchanga. Na sare za shule za watoto wa watu, nilishazikata na nyingine nilishazishona bado vifungo tu, zote zilikuwa kwenye beseni chini. Nimezifua mara tatu bado zinanuka. Wazazi wanataka hela zao au sare zao na wana haki, lakini mimi hela nilishanunulia vitambaa, hivyo vitambaa ndio hivyo. Kodi mwezi huu sijui, dawa za presha sijui.

Mheshimiwa, mimi si mgeni Ubungo. Nimeikuta Ubungo ya viwanda, Urafiki inafuma kanga na vitenge, kile kiwanda tulichojengewa na Wachina kikaanza kazi 1968, kiwanda cha UFI kinatoa majembe, watu wanapanga vyumba huku bondeni kwa sababu ni bei rahisi na unatembea kwa mguu mpaka getini. Mto wakati ule ulikuwa mchafu, nisikudanganye, siku nyingine maji yanapita na rangi za viwandani. Lakini ulikuwa na nafasi yake, ukijaa unatanuka ukimaliza unarudi.

Viwanda vikachoka kimoja kimoja. Tukawa watu wa stendi, nchi nzima ikija Dar inashukia Ubungo. 2021 stendi ikahamia Mbezi Luis, mwaka huo huo daraja la Kijazi likafunguliwa, na pale palipokuwa stendi leo kuna kituo kikubwa cha biashara cha Afrika Mashariki, kimezinduliwa 2025, maduka zaidi ya 2,000, ukipita usiku taa zinawaka mpaka unasema hii kweli ndio Ubungo? Mimi hilo nalipenda. Kijana wangu anapata riziki yake huko huko anabeba mizigo. Kwa hiyo mtu asije akasema mama huyu anapinga maendeleo.

Ninachosema ni maji. Kila palipokuwa na udongo sasa kuna zege, lami, pevingi, bati kubwa. Zamani mvua ikinyesha mengine ardhi inayanywa, sasa yote yanateremka mtaroni na mtaro unakuja kwetu. Mimi sio injinia lakini naishi hapa, na nahisi hilo tu lisingetuzamisha kwa mvua ile ndogo. Kinachotuzamisha ni ile yadi ya ng'ambo. Tipa zinakuja usiku, zinamwaga kifusi cha majengo yaliyovunjwa, kijiko, ule mtambo wa kuchimbia, kinasukumia mtoni, mto umebaki mwembamba hata kalavati tundu moja limezibwa kabisa. Nani kawapa kibali sijui, labda hakipo.

Sasa naomba nikukumbushe kitu. Desemba 2015 na Januari 2016 bonde zima la Msimbazi lilipigwa X nyekundu, nyumba zikavunjwa. Huku kwetu walikuja na tepu wanapima kutoka ukingo wa mto, tukaambiwa sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60, shughuli ya kudumu ndani ya hapo hairuhusiwi. Majirani zangu waliondoka na mabati yao kichwani. Na tulielewa, maana hakuna aliyesahau mafuriko ya Desemba 2011, watu zaidi ya 40 walikufa jiji hili. Sawa. Basi hiyo mita 60 ina upande mmoja tu? Kwa nini tepu haijawahi kuvuka ule mto? Tulipokuwa sisi maskini ilikuwa sheria, imefika kwa mwenye yadi imekuwa mchakato.

Na hasara haiishii kwetu. Mto huu unaingia Msimbazi, Msimbazi unashuka Jangwani, kule ambako kila mvua barabara inafungwa na watu wa mwendokasi wanakwama. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 mwaka 2022 kwa ajili ya kulinusuru bonde hilo. Huku chini mnahangaika na daraja jipya la Jangwani, huku juu mtu anajaza mto kwa vifusi usiku na mnamwangalia.

Nilikuwa nataka kuomba mengi, ukuta wa mawe, mitaro mipya, fidia ya vitu vyetu, hata mtu wa afya apite maana watoto wameanza kuharisha. Naviacha vyote. Naomba kifusi. Kitolewe mtoni na lile tundu la kalavati lizibuliwe, basi, hayo mengine tutaongea baadaye. Wala usiniambie bajeti, kijiko kipo pale pale ng'ambo kimepaki, aliyekitumia kusukuma akitumie kuvuta, atoe alichoweka. Mvua nyingine zinakuja Mheshimiwa. Namba yangu ya simu mjumbe anayo, tuma hata mtu wako kesho, nitamwonyesha mpaka maji yalipofika ukutani.