Upinde nitakuazima, ila ngoja kwanza

Mpendwa Idi,

Salamu nyingi. Sisi ni wazima, mimi mzima kasoro kidole gumba cha kushoto, na hicho ndicho kilichochelewesha jibu lako. Usicheke. Mashaka alipoiona bendeji alicheka mpaka akakaa chini.

Umeniomba ule upinde wa mtambo, unaotegwa na kufyatuliwa kama bunduki, kwa wiki mbili, uende nao porini na mpwa wako. Jibu ni ndiyo. Karibu ndiyo. Ngoja nikueleze.

Nimewinda nao msimu mzima sasa. Kwa nguvu sina lawama nao: ugwe, yaani kamba ya upinde, unavutwa kwa ratili 175, karibu kilo 80, na mshale wa greni 400, karibu gramu 26, unatoka kwa futi 350 hivi kwa sekunde. Nikiupiga kwenye gunia lililoshindiliwa matambara, kwa mita 20, unazama mpaka kwenye manyoya, halafu tunaanza kushindana mimi na gunia nani atabaki nao. Kwa mita 30, mishale mitatu naifunika kwa kiganja. Basi Mashaka ameshaanza kutangaza kwamba unapiga mita 80. Mshale utafika, nani kakataa? Ila kwa mita 40 tu umeshadondoka karibu sentimita 70 kutoka mstari ulikoelekea ulipotoka. Darubini inalifidia hilo, mradi umbali uwe unaujua. Ukidhani ni 40 kumbe ni 45, umekosea karibu sentimita kumi, na hizo ndizo tofauti ya kuua na kujeruhi.

Halafu kelele. Huu mtambo ukiachia unalia kama ubao uliovunjwa gotini. Sauti inakwenda mita 340 kwa sekunde, mshale mita 107. Piga hesabu: mnyama aliye mita 30 anasikia wakati mshale bado umekwenda mita tisa au kumi. Nilimwona kulungu kwa macho yangu akikunja miguu ili achomoke, mshale ukampita juu ya mgongo. Tangu siku hiyo sivuki mita 30, na wewe usivuke.

Sasa kidole. Unajua mkono wangu wa kushoto unashika chini ya njia ya mshale, na ugwe unapita juu yake kama wembe. Kidole gumba kikichungulia juu, kinaondoka nao. Mimi hilo nimewahubiria watu wangapi? Hata wewe nilikupigia kelele mwaka juzi. Lakini jioni ile nilikuwa na glavu nene, nimejipinda kulia kumfuata mnyama aliyebadili njia, macho yote kwenye darubini. Nikafyatua. Maumivu hayakuja mara moja, nilihisi kama nimegongwa na mlango. Kutazama, ncha ya glavu haipo, ukucha haupo, na nyama kidogo imeufuata. Mfupa umesalimika. Mshale ulikwenda kuchoma kichuguu.

Na aibu yenyewe ni hii, Mashaka hajui, usimwambie: upinde ulikuja na kingo mbili za plastiki pembeni, kazi yake ni kuzuia vidole visipande. Nilizing'oa mwenyewe wiki ya kwanza, eti zinanibana nikishika. Nimezirudisha. Nikikupa upinde nakupa na kingo zake, na ukizing'oa nitajua.

Mengine haraka haraka. Usiufyatue bila mshale hata kwa mzaha. Nguvu ile isipopata mshale wa kusukuma inarudi kwenye mikono ya upinde, inapasuka. Upo mtambo wa kuzuia hilo, ila usiujaribu. Mishale tumia ya kwangu tu, maana mkia wa aina nyingine ugwe unaweza kuuruka, ikawa ni yale yale. Kila mshale ukunje kidogo kwanza, usikilize. Ukilia kama kijiti kikavu, uvunje kabisa asije mtu akauokota. Kuvuta, tumia ile kamba yenye vishikio viwili, inapunguza uzito nusu, na utazame alama nilizochora kwa kalamu kwenye ugwe: zote mbili zikae sawa na kingo za njia ya mshale. Zikipishana milimita chache tu, mshale unakwenda pembeni utadhani umelewa. Na ulenge upya kwa vigumba, yaani vichwa vya mishale, vya kuwindia, usitegemee vya mazoezi. Vyangu vilihama kiganja kizima kushoto.

Kabla hujapiga tazama pia pembeni, maana mikono ya upinde ikiachia inatanuka. Ikigonga mti, ole wako.

Kupanda jukwaani juu ya mti, mikono mitupu. Upinde ubaki chini haujategwa, uupandishe kwa kamba ukishakaa. Giza likiingia bila kupiga kitu, usijaribu kuurudisha ugwe kwa mikono, utakushinda. Upo ule mshale mzee wenye mkanda mwekundu, upige kwenye udongo laini hatua chache mbele yako, mwende zenu.

Nikiandika haya yote kidole kinadunda, au ni mawazo tu.

Huyo mpwa wako ana miaka mingapi sasa? Ni mshoto kama wewe? Kama ni mshoto, gumba la hatari kwake ni la kulia, mwambie. Bega lako limepona kiasi cha kuvuta, au atakuvutia yeye? Ile kamba yangu ndefu ya kupandishia vitu bado unayo, au ndiyo uliyofungia mbuzi? Na unakuja kuuchukua lini? Njoo asubuhi, tupige mishale kumi pamoja kabla hujaondoka nao. Mimi nitashika darubini tu.

Wako,
Salumu