Kipimo cha banioni kisomwe hata usiku

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu tangu lilipokuwa likitufikia Rujewa kwa basi la jioni, na sijawahi kuwaandikia hata mara moja. Lakini ile habari yenu ya wiki mbili zilizopita, yenye picha ya viongozi wamesimama juu ya banio, yaani kizuizi cha mtoni kinachoingiza maji mferejini, wakiangalia maji, imeninyima usingizi. Mliandika kwamba ukaguzi umefanyika na matumizi ya maji yanakwenda kwa utaratibu. Mwandishi wenu aliishia pale banioni. Angeufuata mfereji kilomita nne tu kwenda chini, angetukuta sisi wa mkiani tumesimama kwenye majaruba yaliyopasuka.

Kwa asiyejua, kulima mkiani ni hivi: wa juu anakinga kwanza, wa kati anafuata, wa mwisho anapata kilichosalia. Zamu yetu ni usiku wa Jumatano. Tumeiheshimu miaka zaidi ya ishirini.

Oktoba iliyopita nilikuwa nimemwaga kitalu cha mpunga aina ya Saro, debe mbili za mbegu nilizonunua kwa mkopo wa kikundi, na miche ilikuwa imeanza kuchungulia. Saa tatu usiku nikafungulia maji shambani, yakaja membamba kama ya kunawa mikono. Saa nne yakakatika kabisa. Nikachukua tochi na jembe, nikampitia jirani yangu, tukaupandisha mfereji kwa miguu hadi banioni. Saa sita tulikuta geti la mfereji wetu limeshushwa hadi chini, mto umezibwa kwa viroba vya mchanga, na ng'ambo mashine mbili zinanguruma, mabomba yake manene kama paja la mtu yakivuta maji yaliyotuama. Chini ya viroba ungeweza kuvuka mto kwa kandambili bila kulowa vidole. Tukampigia mgawa maji, simu haipatikani. Tukakaa hapohapo na baridi yetu. Saa kumi na moja alfajiri wakaja vijana, wakazima mashine, wakaondoa viroba kimoja kimoja na kuvipakia kwenye trekta, wakapandisha geti. Saa nne asubuhi gari la wakaguzi likafika, na mto unatiririka kama kwamba hakuna lililotokea. Afisa kijana, ameniamkia vizuri, shikamoo mzee, akainama kwenye ule ubao wa namba uliosimikwa mdomoni mwa mfereji, akasoma, akaandika kwenye daftari. Nikamweleza yote niliyoyaona usiku ule. Akanijibu, "Mzee wangu, mimi naandika kinachosomeka kwenye kipimo." Na hakudanganya! Namba aliyoandika ilikuwa sahihi kwa saa nne asubuhi. Ya saa sita usiku haikuandikwa na mtu. Wala asije mtu kuniambia ilikuwa bahati mbaya, maana tangazo la ukaguzi huo lilikuwa limebandikwa kijijini siku tatu kabla. Kitalu changu kiligeuka manjano, kisha kahawia. Mkopo bado naulipa.

Wazee wa hapa tunakumbuka. Mto Ruaha Mkuu, unaopokea maji ya bonde letu la Usangu, ulikauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kwa mara ya kwanza mwaka 1993, mwaka uleule ambao ofisi ya maji ya Bonde la Rufiji ilianzishwa Iringa. Tangu hapo umeendelea kukauka kiangazi, viboko wakibanana kwenye madimbwi, na umeme wa bwawa la Mtera ukipungua lawama zinatupwa kwetu Usangu. Mwaka 2006 wakalaumiwa wafugaji, ng'ombe wakaondolewa kwenye ardhi oevu ya Ihefu, wengine wakasombwa hadi Lindi. Mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu likaingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mto haukurudi. Ikaja Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009, yenye vibali, ada na jumuiya za watumia maji. Kibali kinataja kiasi anachoruhusiwa mtu kuchukua. Nauliza kwa uchungu: kiasi hicho nani anakihakiki usiku?

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wetu hawapendi kulisema. Banio la baba zetu lilikuwa la mawe, magogo na majani, na lilivuja. Kule kuvuja ndiko kulikowafikishia maji watu wa chini na wanyama wa hifadhini. Tukaletewa zege na geti la chuma, tukapiga makofi, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga makofi. Zege halivuji. Kiangazi, mto ukiwa umepungua, banio la kisasa lina uwezo wa kuuchukua wote.

Na hizo mita 60! Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na siipingi. Mwaka jana mchicha na vitunguu vya akina mama wa kitongoji chetu vilifyekwa asubuhi moja, kamba ya kupimia ikivutwa mbele ya macho yao. Zile mashine mbili ziko hatua kumi kutoka majini, dizeli inadondokea mchangani, na sijaona kamba ikivutwa pale. Huko juu milimani vyanzo vimezungushiwa milingoti, mti unaojulikana kwa kunywa maji, wakati huku bondeni tunahesabiwa matuta ya mchicha.

Ombi langu ni hili. Kila banio lisimikwe ubao wa bati, wenye maandishi makubwa ya rangi ya mafuta: jina la mwenye kibali, lita anazoruhusiwa kwa sekunde, na siku za zamu. Chini yake iachwe nafasi ya chaki. Wachaguliwe watu wawili kutoka mkiani, mmoja wao mwanamke, maana wanawake ndio wanaoamka kuteka maji. Walipwe posho kutokana na ada tunazolipa, wasome kipimo saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi na mbili jioni na saa sita usiku, na kuandika namba kwa chaki pale ubaoni ambapo kila mpita njia ataiona. Afisa akija, alinganishe daftari lake na ubao huo kabla hajapanda gari. Na tarehe ya kuja kwake isitangazwe.

Vitalu tunaanza kuvimwaga Oktoba. Ubao uwe umesimama kabla ya hapo.

Mkulima wa mpunga,
Mbarali, Mbeya